Suruali ya Chenso Niliyoivaa Kwenda Ukweni

Hili jambo mke wangu Neema ameshalisimulia harusini, kwenye foleni ya kisima na hata msibani, kwa hiyo nikinyamaza hainisaidii kitu, bora mlisikie kutoka kwangu mwenye aibu yangu, maana yeye anaongeza chumvi (anasema nilimkimbiza mama yake mpaka katikati ya shamba la jirani, uongo mtupu, tuliishia mpakani).

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Natengeneza redio na simu hapo barazani kwangu Ilongero, kiti kimeshachukua umbo langu, na siku nikisema nimesafiri ujue nimefika kwa muuza vocha. Shule nilisoma hadi kidato cha nne na hata kule nilikuwa napata malaria kila siku ya kazi za shamba, malaria ya ajabu, kengele ya chakula ikilia inapona. Shemeji zangu wananiita kuku wa mayai. Sijawahi kubisha.

Ila kuna kitu kilikuwa kinanikaa rohoni. Mwaka juzi baba mkwe wangu, Mzee Elia wa kule Kinyangiri, alikuwa anapasua kuni, shoka likateleza likamchana muundi mpaka mfupa ukaonekana. Akalala ndani wakati mtama umeshakauka shambani. Neema akaniambia twende tukavune. Nikamwambia nina redio za watu. Akaenda peke yake, akakaa wiki tatu, akarudi mikono imepasuka, akaweka mfuko chini, akanipikia, wala hakusema neno baya hata moja. Mliooa mnaujua ukimya wa namna hiyo.

Basi mwaka huu, mvua zinakaribia, ikaja habari kwamba ule mgunga mkubwa wa uani kwa mzee umeanza kulalia jiko la mama. Mizizi ya upande mmoja ilishakaa nje, na mvua kubwa moja tu ingetosha kuuangusha juu ya jiko, na mama mkwe anashinda humo jikoni. Mzee alishaongea na mwenyekiti wa kitongoji, majirani wameshapanga siku, na kuna bwana mmoja anaitwa Fundi Shabani mwenye chenso (ule msumeno wa injini) amekubali kuja siku hiyo moja tu, kwa sababu kesho yake anakwenda Misigiri kwenye kazi ya muda mrefu. Mzee hakuniomba niende. Alimwambia binti yake tu, akakata simu. Ningeombwa ningetafuta sababu, lakini kutoombwa kulinichoma.

Nikasema, "Mwambie baba nakuja."

Neema akanitazama kama vile ungemtazama kuku aliyekuaga kwamba anakwenda mjini kununua viatu.

"Sawa," akasema. "Uje na lile shati lako la mikono mirefu, jinzi na mabuti ya mvua. Inatosha. Wewe utavuta kamba na kubeba matawi."

Nikaitikia, lakini akili yangu haikuwepo. Mimi nilikuwa naona muundi. Nikishika bisibisi naona muundi, nikinywa chai naona muundi, na safari hii siyo shoka, ni chenso. Neema alipotangulia kwao kwenda kusaidia kupika, nikaingia mnadani peke yangu, hapo ndipo mkosi ulipoanza, maana mtu wa ndani akiachwa mnadani peke yake ni kama mbuzi kwenye bustani ya mchicha.

Kijana wa mitumba alikuwa na kitu kimetandikwa juu ya turubai. Suruali nzito ya kijani, koti la rangi ya chungwa lenye mistari inayong'aa, kofia ngumu yenye wavu wa chuma mbele ya uso na vikombe viwili vya kuziba masikio.

"Hii, kaka, ni ya wakata miti wa Ulaya," akaniambia, akaibana suruali kwa mbele, nene kama godoro. "Ndani humu kuna nyuzi. Chenso ikikugusa, nyuzi zinachomoka, zinajizungusha kwenye mnyororo, mashine inazima. Mguu wako unabaki nao."

Mguu wako unabaki nao. Maneno hayo ndiyo yaliyoninunulia suruali. Kiuno kilikuwa cha watu wawili, nikasema kamba zipo. Bei sitaji, Neema mpaka leo anaijua nusu.

Nikafunga vitu vyangu kwenye mfuko wa salfeti, asubuhi ya siku yenyewe nikashuka pale senta ya Kinyangiri. Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulioniponza. Nilijiuliza, nguo hizi nitabadilishia wapi? Ukweni mkwe havui nguo. Kule kwa akina Neema, mkwe wa kiume na mama mkwe hata kutazamana usoni hawatazamani. Mimi na mama tangu nioe tulikuwa tunasalimiana yeye ameangalia mlango, mimi nimeangalia kuku. Nyumba ina vyumba viwili, siku hiyo vimejaa wanawake na masufuria. Kwa hiyo nikaona nivalie hukohuko senta, nifike tayari kwa kazi. Nikaomba stoo ya duka moja.

Nilipotoka, mwenye duka akaniangalia kuanzia juu hadi chini.

"Vita iko wapi?"

"Nakwenda kukata mti ukweni."

"Na huo mti una silaha?"

Nikashusha wavu kwa ajili ya vumbi, nikabana vile vikombe masikioni, dunia ikanyamaza. Jamani, ule ukimya ulikuwa mtamu. Kwa mtu anayeshinda na redio mbovu, ule ulikuwa ni likizo. Nikatembea katikati ya njia, jua linawaka kwenye mistari yangu, najiona mwanaume ambaye Neema alipaswa kuolewa naye.

Njiani nikamkuta Bibi Maria, jirani wa ukweni, anapeta mtama nje ya nyumba yake. Mimi heshima ninayo, nikainama, nikasema, "Shikamoo bibi." Nikaona mdomo wake unakwenda. Nikajua ni marahaba, halafu hujambo, halafu habari za huko, ndivyo wazee wanavyosalimia, kwa hiyo nikatikisa kichwa kuitikia, kwa adabu, nikatikisa tena, nikanyanyua dole gumba, nikapita zangu.

Baadaye ndio nikaambiwa kwamba bibi alikuwa ananiuliza kama mimi ni mtu wa maliasili, wale wanaokamata wanaokata miti na kuchoma mkaa bila kibali (nikatikisa kichwa), kama nakwenda kwa Mzee Elia (nikatikisa), na kama namkamata (hapo ndipo niliponyanyua dole). Bibi akaweka ungo chini, akatoa simu yake ya kitochi kwenye kanga, akapiga kwa Mzee Elia.

Nilipofika uani kwa mzee nikashangaa. Kuna moto, kuna sufuria la ugali limeachwa na mwiko umesimama katikati, kuna kamba, mashoka mawili, ndala moja ya mguu wa kushoto, lakini hakuna mtu. Yaani kama waliokuwepo wamenyakuliwa. Na ule mgunga, mnene kuliko nilivyoukumbuka, umeliinamia jiko kama mtu anayechungulia kinachopikwa.

Aliyebaki ni Mzee Elia peke yake, kwenye kigoda, mguu mbaya ameunyoosha mbele. Alibaki kwa sababu hawezi kukimbia. Aliponiona akajisukuma kwa fimbo, akasimama, akavua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Baba mkwe wangu amenivulia mimi kofia. Nikataka nimwambie, "Baba, kaa," na hapo ndipo nilipomwona mama mkwe akitokea nyuma ya jiko, gunia la mkaa kichwani, anakata mbio kuelekea shambani.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini mama wa umri ule anakimbia na gunia. Mimi nilichoona ni mama amebeba mzigo mzito na mkwe wake yupo. Nikasema leo nitaonyesha. Nikamfuata nimpokee.

Akageuka, akaniona, akatupa gunia. Nikaelewa kwamba ameniachia nibebe. Nikalibeba. Akaongeza mbio. Nikadhani anatangulia kunionyesha pa kuliweka, nikaongeza na mimi, nampungia mkono kwamba nakuja, nakuja. Kama kuna aliyetuona kwa mbali, aliona mama mtu mzima anapita kwenye mabua ya alizeti ya mwaka jana, na nyuma yake dude la rangi ya chungwa lisilo na uso, limejitwisha gunia la mkaa, mkono mmoja unapunga, mwingine umeshika suruali isianguke.

Kwenye mpaka wa shamba kuna uzio wa matawi ya miiba, wa kuzuia ng'ombe. Mama anaijua njia yake, akapita. Mimi nikapita na suruali, suruali ikabaki. Miiba iliishika pale mbele palipo na godoro, nikavuta, kitambaa kikachanika, na kumbe yule kijana wa mnadani hakusema uongo: nyuzi zikachomoka. Nyuzi nyeupe ndefu, laini, hazina mwisho. Nikivuta mguu zinaongezeka. Nikageuka zikanizunguka, nikageuka upande wa pili zikafunga na uzio, gunia likaanguka, na mimi nikaanguka juu ya gunia, suruali iko magotini, nimebaki na bukta ya mpira ya enzi za shule.

Kofia ikanitoka. Na sauti ya kwanza niliyoisikia tangu nitoke senta ilikuwa ya mama mkwe, upande wa pili wa uzio, anahema:

"Baba, chukua gunia lote. Na lingine lipo nyuma ya jiko, chukua. Ila mzee usimpeleke mbali, baba, ana mguu mbaya, hawezi mwendo mrefu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu ambaye miaka yote hiyo nilimjua kwa kisogo tu, amekimbia na gunia ili anayekuja kumkamata mume wake amfuate yeye.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mume wa Neema."

Halafu akanipa mgongo haraka, akajifunika uso kwa kanga, kama ilivyo heshima. Nikaona mabega yanatikisika. Nikajua nimemliza mama wa watu, nikaanza kuomba radhi nikiwa nimelala hivyohivyo juu ya mkaa, mpaka aliposema kitu kwa Kinyiramba ambacho mimi Mnyaturu nilikielewa nusu, na ile nusu ilinitosha. Alikuwa anacheka.

Nikajaribu kujinasua, nikazidi kujifunga. Mama akapita kwenye uzio na kisu kidogo cha jikoni alichokuwa amekichomeka kiunoni, akachuchumaa kando yangu, uso ameugeuzia upande wa pili, akaanza kukata nyuzi kwa kupapasa. Kisu kikapita karibu na goti langu. Nikashtuka. Akasimamisha mkono.

"Hapana," akasema. "Leo acha nikutazame, mwanangu. Nisije nikakukata kweli."

Akanigeukia. Tangu nioe ndiyo mara ya kwanza naona macho ya mama mkwe wangu, ni yaleyale ya Neema, ila yana mikunjo pembeni. Akakata nyuzi moja moja, akawa anazikusanya anazizungusha kwenye kiganja chake, hakutupa hata moja, na mwiba mmoja ulioniingia mkononi akauchomoa bila kuniuliza. Nilikuwa na bukta, nimejaa mkaa. Sijawahi kuona haya vile, na sijawahi kutunzwa vile tangu mama yangu mzazi.

Tuliporudi uani, watu walikuwa wanaanza kutokea. Wanaume wawili walitoka zizini, wanawake kwenye ghala la mtama, na Neema katikati yao amekumbatia sufuria la nyama (alikimbia nalo, Neema namjua). Akaniona, akaona koti la chungwa, bukta na mkaa.

"Nilikwambia shati la mikono mirefu," akasema.

Wote wakacheka isipokuwa Mzee Elia, aliyekuwa anatazama mti, na wingu jeusi lililokaa nyuma ya mti. "Shabani yuko wapi?" akauliza.

Kicheko kikakatika. Shabani ndiye aliyekimbia wa kwanza, na chenso begani, maana kibali chake kimeisha na mashine ndiyo mkono wake wa kulia. Simu kazima. Kama ameunganisha moja kwa moja mpaka Misigiri, basi mti unabaki, jiko linabaki chini yake, na mvua ile pale. Mama akaangalia jiko lake, akaangalia chini. Hakuna aliyenilaumu. Kilichotokea ni ule ukimya wa Neema, ila sasa wa kijiji kizima.

Nikasema, "Naenda kumtafuta."

"Wewe?" Neema akauliza.

"Mimi ndiye niliyemkimbiza."

Mzee akanipa shati lake refu, nikashuka korongoni peke yangu, mimi mtu wa kiti, ile ndala ya mguu wa kushoto mkononi kama kielelezo. Nikatembea kwenye mchanga natangaza, "Fundi Shabani, mimi ndiye yule maliasili, siyo maliasili, ni mkwe wa Mzee Elia, nimevua." Nilitangaza hivyo mpaka sauti ikakauka. Mbuzi walinisikiliza. Mwisho kichaka kimoja kikajibu.

"Umevua zote?"

"Nimebaki na bukta."

"Geuka nione mgongoni."

Nikageuka. Akatoka, kaptula, mguu mmoja peku, chenso ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Akaichukua ndala yake mkononi mwangu, akaivaa, akasema, "Kaka, mimi nimekimbia maliasili wa kweli mara mbili, lakini wewe unatisha zaidi. Wale wana uso."

Tulipofika, mzee alikuwa ameiweka ile suruali magotini anaipapasa. Nikamweleza habari za nyuzi, jinsi zinavyosimamisha mnyororo. Akamtazama Shabani, miguu mitupu na ndala, ndivyo anavyokata miti miaka yote. Halafu akanitazama mimi.

"Nguo siyo mbaya, mkwe," akasema. "Imevaliwa na asiyeshika mashine. Shabani, vaa."

"Mzee, nitaonekana kama huyu."

"Huyu ana miundi miwili mizima." Mzee akapandisha suruali yake kidogo, kovu likaonekana, linang'aa. "Vaa."

Mama alishapashona palipochanika kwa sindano ya magunia na nyuzi zilezile, zimerudi ndani zimebanwa kwa mishono mikubwa. Shabani akavaa, na kofia, na vikombe vya masikio, na wavu akaushusha, akatulia, akasema kwa mshangao, "Kumbe kuna raha humu." Neema naye akafungua mfuko wake akanitolea shati langu la mikono mirefu, jinzi na mabuti ya mvua. Alivibeba mwenyewe tangu siku anatangulia. Alijua nitakosea, akanibebea.

Nikataka kushika kamba, Bibi Maria (alishafika kuona nani amekamatwa) akanizuia kwa fimbo.

"Huyu hashiki kamba. Alipita kwangu hajanisalimia."

"Nilikusalimia, bibi."

"Ulisalimia ukaziba masikio, hiyo ni salamu? Anza hapa, mmoja mmoja."

Nikaanza. Shikamoo bibi, nikasubiri marahaba, nikajibu hali yangu, ya Ilongero, ya mvua, ya redio. Nikaenda kwa Mzee Elia, nikaenda kwa kila mkubwa aliyekuwepo pale uani, mashine imezimwa inasubiri. Nilipofika kwa mama mkwe nikaangalia kuku kama kawaida. Akasema, "Marahaba, mwanangu," na nilipoinua macho alikuwa ananiangalia mimi, hakuangalia mlango.

Tukashika kamba. Mimi mbele, wanaume nyuma yangu, na nyuma kabisa Mzee Elia amekaa chini, mguu mzuri ameukita kwenye jiwe, anavuta na sisi. Chenso ikalia, mti ukalia, tukavuta mpaka nikahisi mabega yanaachana na mwili, na ule mgunga ukasita, ukageuka taratibu, ukalala upande wa zizi tulikotaka. Tawi moja tu lilikwangua pembe ya bati la jiko, na ile pembe imekunjwa mpaka leo. Vumbi lilipotulia nilishamfuata Mzee Elia kule nyuma, naye amenishika bega ili asimame. Aliposimama hakuutoa mkono.

Mvua ilinyesha siku ya tatu yake. Mama alipiga simu, tukasikia maji yanavyopiga bati, yeye yuko humo jikoni anapika.

Suruali nilimwachia Shabani, alikwenda nayo Misigiri. Na mimi nimeshaapa: nguo ya kazi nitauliza kwanza kazi yangu ni ipi, na masikio yangu sitayaziba tena kuanzia senta ya Kinyangiri mpaka mlangoni kwa mzee, hata kama wanapiga ngoma. Tangu siku ile nimekwenda mara tatu, na hakuna aliyeniita.

Mwezi uliopita bodaboda alinishushia kikapu hapa barazani. Kimesukwa kwa ukindu, na kuzunguka mdomo wake kuna mstari mweupe, laini, nikaupapasa nikaujua. Ndani kulikuwa na unga wa mtama na kuku mmoja wa mayai (utani huo najua ulikotoka). Neema akapiga simu kushukuru, akaongea, akacheka, akanigeukia simu ikiwa bado sikioni.

"Mama anauliza utakwenda lini," akasema. "Nguo usihangaike nazo, anazo za baba. Anasema uende na masikio tu."